Majeneza Juu ya Daraja la Luoyun

Jeneza la Bibi Qiu Suyun lilikuwa nene kuliko la wifi yake kwa unene wa kidole kimoja, na jambo hilo lilikuwa limewagombanisha kwa miaka thelathini na saba bila hata mmoja wao kufa.

Kila mwaka, siku ya sita ya mwezi wa sita, watu wa kijiji cha Bafeng wanapoanika nguo za baridi juani, wazee huteremshiwa majeneza yao kutoka darini na kuyapaka vanishi upya. Mtu mwenye mvi asiye na jeneza huonewa huruma pale, kama mtu asiye na paa. Basi mwaka wa kisa hiki, wa Farasi katika kalenda yao, Wu Xianglian alikuja na kopo lake la vanishi hadi uani kwa Suyun, akazunguka jeneza la wifi yake mara mbili, akaligonga kwa kidole.

"Wifi, hili lako litawaua wabebaji wote wanane," alisema. "Siku yako watazika watu tisa."

"Bora lichoshe wabebaji," Suyun akajibu bila kuinua brashi. "Lako wewe wabebaji wakipiga chafya linatoboka."

"Langu jepesi kwa sababu mimi sina dhambi nyingi za kubeba."

"Lako jepesi kwa sababu mumeo alikuwa bahili, Mungu amrehemu."

Wakacheka, wakapaka. Lakini jeneza la Suyun lilikuwa na kisa ambacho hakuna aliyekifanyia mzaha. Marehemu mumewe, fundi Wu Zhaogui, alilitengeneza mwaka aliokarabati daraja. Aliangusha msonobari mmoja mkubwa wa mlimani, akaupasua katikati, nusu akaifanya jeneza lake na nusu akaifanya la mkewe. Zhaogui alikuwa ameshalala ndani ya nusu yake miaka kumi na mmoja, kwenye mteremko wa ng'ambo, uso wake ukielekea daraja. Nusu ya pili ilimngoja Suyun darini. Hakuwa na haraka, lakini alijua atalala ndani ya mti gani na kando ya nani, na kujua huko kulimpa usingizi mzuri kila siku.

Na daraja lenyewe, mtu atalisemaje? Mimi nimelipita mara zisizo na hesabu, na hadi leo nikifika katikati napunguza sauti bila kujijua. Korongo pale lina upana wa hatua hamsini. Chini hakuna nguzo hata moja iliyosimama majini, na ndani ya mbao hakuna msumari. Ni magogo ya msonobari, yasiyo marefu kuliko boriti za nyumba ya kawaida, yaliyosukwa, hili likipita juu ya lile na chini ya jingine, hadi yakavuka mto hewani kwa umbo la tao. Kisha juu yake wakajenga nyumba nzima, yenye nguzo na sakafu, mabenchi ya wapita njia pande zote mbili, kibanda cha ibada cha Mama Chen, mungu mlinzi wa mto, na paa la vigae elfu ishirini. Jina lake ni Luoyun, wingu lililotua.

Mgeni hudhani paa ni la kuzuia mvua. Ni kweli linazuia mvua, lakini ukoo wa Wu, uliolijenga na kulitunza, una maneno yake. "Daraja hili halikusimama, limekaa," Zhaogui alikuwa akisema. "Mwenye mzigo mapajani hainuki. Mwondolee mzigo uone." Nyumba ile ya juu ndiyo inayoyabana magogo yakashikana. Kadiri inavyolemewa, ndivyo linavyokaza.

Kabla ya daraja, watu walivuka kwa kamba na chelezo. Mwaka mmoja chelezo kilizama na bibi harusi ndani ya kiti chake chekundu, pamoja na wabebaji wake, na walichopata chini ya mto kilikuwa kiatu kimoja. Baba wa binti yule akatoa mlima wake mzima wa misonobari, akasema mtoto wa mtu asivuke tena juu ya kamba. Aliyeitwa kujenga ni Wu Tianyou, baba wa babu yake Zhaogui. Alikaa miaka miwili akijenga juu ya miti ya kuegemeza. Siku ya kuing'oa miti hiyo, kwa desturi ya mafundi wale, fundi mkuu huingia darajani peke yake na kukaa katikati, mapajani kisanduku chake cha uzi wa wino, ule wa kupigia mistari kwenye mbao. Daraja likienda, naye huenda nalo. Tianyou alikaa. Miti ikang'olewa mmoja mmoja. Wanasema daraja lilizama upana wa kiganja, likatoa mguno mmoja mrefu, kisha likanyamaza, na watu wa vijiji vitatu waliokuwa kando ya mto walipiga magoti bila ya kuambiwa na mtu. Hiyo ilikuwa miaka mia na arobaini na tatu kabla ya mwaka huo wa Farasi. Tangu hapo, kila anayelikarabati huandika kwa wino mweusi juu ya boriti za dari jina la fundi mkuu kwanza, kisha kila aliyetoa kitu na alichotoa.

Sasa zamu ilikuwa ya Kaishun, mwana wa pekee wa Suyun, mtu wa miaka arobaini na minne, mpole, mwenye mikono mizuri kama ya baba yake. Paa lilikuwa linavuja na boriti zilianza kuoza. Lai Dexing, mkuu wa kijiji, akaita kikao, na mchagua siku akafungua kitabu chake. Alipekua sana. Mwisho akasema siku njema ya kufungua paa mwaka ule ilikuwa moja tu, tarehe tatu ya mwezi wa saba.

Mwezi wa saba ni mwezi wa tufani. Mtoto wa Bafeng analijua hilo kabla hajaota meno. Lakini kila mtu pale anajua pia kwamba paa likifunguliwa siku mbaya, fundi mkuu hafiki mwaka, na walikuwepo wa kukutajia wawili kwa majina na makaburi yao. Kaishun akahesabu kwamba kazi ingemchukua siku kumi na mbili, akakubali.

"Baba yako alifungua paa mwezi wa kumi," Suyun alimwambia wakila.

"Baba alipata siku njema mwezi wa kumi. Mimi nimepewa hii."

"Na mto umepewa siku gani?"

Kaishun alicheka, na mama yake akacheka pia. Baadaye Suyun alikilaani kicheko hicho kuliko tusi lolote alilowahi kutoa, kwa sababu kama angenuna badala ya kucheka, pengine mwanawe angesikia.

Tarehe tatu vigae vikaanza kushuka mkono kwa mkono, elfu ishirini, hadi kwenye uwanja wa kupuria mpunga ulio kando ya mto, wakavipanga safi kabisa. Daraja likabaki mifupa mitupu. Suyun alilitazama akashtuka kuona anga ndani yake. Tarehe nane kipaza sauti kilichofungwa juu ya nyumba ya Lai Dexing kikatangaza kwamba tufani inapanda kutoka pwani. Tarehe tisa, asubuhi, mvua haikunyesha bali ilimwagwa. Kabla ya saa sita mto ulikuwa umepanda hadi uwanja wa kupuria na kuvichukua vigae vyote, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayekula karanga.

Suyun alikuwa jikoni akimenya magimbi. Alikuwa ameishi karibu na daraja lile tangu aolewe, na alizijua sauti zake zote, ya ng'ombe akipita, ya baridi, ya harusi. Akasikia sauti ambayo hakuijua. Ulikuwa mlio mwembamba, wa juu, kama wa kiti mtu anapoinuka. Akaacha kisu ndani ya maji na kutoka bila kofia.

Watu walikuwa wamejazana kwenye mdomo wa daraja. Maji yalikuwa yanagonga mabega ya tao, meupe kwa povu, na kila yalipogonga, daraja zima liliinuka kidogo na kurudi. Mke wa Kaishun alikuwa ameshikwa mikono na wanawake wawili. Suyun hakuhitaji kuuliza. Alitazama ndani, na kule katikati, chini ya mvua, mwanawe alikuwa amekaa peke yake, kisanduku cha uzi wa wino mapajani.

"Tumemwita hadi sauti zimekauka," Lai Dexing alisema. "Anasema ni nafasi yake."

"Na ninyi mkamwacha."

"Mama, ni desturi. Nani atamgusa fundi mkuu akiwa amekaa?"

Suyun alimpita. Sakafu ilikuwa inapumua chini ya miguu yake, na aliogopa, lakini alikwenda hivyo hivyo. Alipofika katikati alisema, "Sogea."

"Toka, mama."

"Sogea nikae, nimechoka."

"Hapa ni mahali pa mtu mmoja."

"Nilikubeba miezi tisa. Na kule pia palikuwa mahali pa mtu mmoja."

Akakaa kando yake. Kaishun hakumtazama. Maji yalikuwa yanatiririka usoni mwake, na haikujulikana yapi ni ya mvua.

"Limenifia mikononi," alisema. "Miaka mia na arobaini. Babu zangu wote. Mimi ndiye nimelivua nguo mbele ya mto."

"Halijafa. Linainuka tu. Unasikia?"

Wote wawili wakalisikia. Mbao zilipanda chini yao, taratibu, kisha zikashuka.

"Ulipopimwa zahanati mwaka huu ulikuwa na kilo ngapi?" Suyun akauliza.

"Mama, sasa hivi?"

"Nimekuuliza."

"Sitini na mbili."

"Na vigae vilikuwa na uzito gani?"

Seremala ni seremala, hata akiwa amekaa kufa. Midomo ya Kaishun ikaanza kuhesabu yenyewe. "Tani ishirini. Zaidi kidogo."

"Basi kilo sitini na mbili zimekaa hapa kufanya nini mahali pa tani ishirini? Mababu zako walikaa juu ya daraja lenye mzigo, kuonyesha wanaliamini. Wewe umekaa juu ya daraja lisilo na mzigo ili usituone nyuso. Hiyo si desturi, mwanangu. Hicho ni kiburi."

Kaishun akafumba macho. Kisha akasema kwa sauti ya fundi, si ya mfiwa, "Mawe nimeyafikiria. Tulijaribu asubuhi. Sakafu ikiinuka yanabingirika yote upande mmoja, yanazidi kulipinda. Yanataka kukaa ndani ya kitu. Kitu kizito, kirefu, cha kulala chini kisiteleze. Vikapu havitoshi."

Suyun aligeuza macho kwenye mteremko wa ng'ambo. Alikuwa amekwisha kuona kitu hicho ni nini, na moyo wake ulimuuma sana, uchungu wa kweli wa kifuani, kwa sababu kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameulalia mti ule kwa mawazo kila alipozima taa. Nusu ya mti ng'ambo ile, nusu darini. Akamtazama mwanawe aliyeloa. Wala hakuchukua muda mrefu.

"Nenda kalete jeneza langu," alisema.

Kaishun akageuka. "Mama, mtoto hatoi jeneza la mama yake mlangoni mama angali hai. Unajua maana yake. Ni kukuitia kifo."

"Paa ulilifungua siku njema ukaona yaliyotupata. Jeneza tulitoe siku mbaya, tuone."

Akainuka kwanza yeye, ili mwanawe asiweze kubaki amekaa huku mama yake amesimama. Hilo ndilo lililomtoa Kaishun katikati ya daraja. Si hoja za tani. Ni adabu tu aliyofundishwa utotoni.

Lilipotoka mlangoni, jekundu, likimeta mvuani, limebebwa na wanaume wanane, watu wa Bafeng walipiga kelele kwa hofu, wakidhani Suyun amekufa, hadi walipomwona anatembea mbele yake akiwasukuma watu kwa kiwiko. Aliwaeleza kwa maneno machache. Mbao za ubavuni za daraja zing'olewe zote, maji yapite. Mawe yatolewe kwenye ukuta wa zizi la nguruwe wa Lai Dexing, lililo karibu. Mzigo uanzie katikati.

"Zizi langu?" Lai Dexing akauliza.

"Nguruwe wako watalala sebuleni kwako," Suyun akasema. "Wala hawatakuwa wageni."

Jeneza likawekwa katikati, likajazwa mawe hadi juu, mfuniko ukafungwa kwa kamba. Daraja liliinuka tena, lakini kwa uvivu kidogo. Kila mtu aliliona hilo. Moja halikutosha, na kila mtu aliliona hilo pia. Watu wakatazama chini kwa aibu, maana kila nyumba ilikuwa na dari, na juu ya kila dari palikuwa na jeneza la mzee fulani, na hakuna kijana aliyethubutu kusema neno.

Xianglian ndiye aliyesema. "Kama la wifi limekwenda, langu haliwezi kubaki darini likichekwa," alisema. "Ninyi wabebaji, njooni. Na msikimbie nalo kwa sababu ni jepesi."

Baada ya hapo yalitoka yote. Majeneza ishirini na matatu yalishuka vichochoroni vya Bafeng mvuani, mekundu na meusi, yakiongozwa na wenyewe wakiwa hai, wakiwafokea wajukuu wasigonge kona. Sijawahi kusikia kijiji kingine kilichoona kitu kama hicho, na waliokiona wakiwa watoto wadogo bado hukisimulia kwa sauti ya chini. Zizi lote la Lai Dexing liliisha. Wakabomoa na ukuta wa bustani ya zahanati.

Mawe yalipoisha, majeneza sita ya mwisho yalikuwa yamejaa nusu tu, na mto ulikuwa umegusa magogo ya sakafu. Ndipo Mzee Lei, mtu wa miaka themanini na mmoja aliyetaniwa maisha yake yote kwa ajili ya tumbo lake, akaingia darajani, akapanda juu ya jeneza lake na kukaa.

"Kilo tisini na nne," alisema. "Leo nani anacheka?"

Wazee wote wakaingia mmoja mmoja, kila mtu akakaa juu ya lake. Suyun akakaa katikati, Xianglian upande wake wa kushoto. Kaishun aliwakimbilia.

"Shangazi, mama, tokeni. Wote tokeni. Likienda mtakufa."

"Tukifa tutakuwa tumeshafika na majeneza yetu," Xianglian akasema. "Mazishi rahisi hivi umeyaona wapi? Hata wabebaji hatuwataki."

Wazee wakacheka kweli, juu ya mto ule, mvuani. Kando, vijana hawakucheka. Walikuwa wamesimama hadi magotini ndani ya maji, na wengi walikuwa wanalia waziwazi. Kaishun alisimama baina ya mama yake na shangazi yake, kisha akaketi sakafuni miguuni pao, na safari hii hakuna aliyemwambia atoke.

Wimbi kubwa lilikuja saa tisa hivi. Waliliona linapinda kona ya juu, la kahawia, limebeba mti mzima na mizizi yake. Kicheko kikakatika. Suyun alishika mkono wa wifi yake, mkono mkavu uliopaka vanishi pamoja na wake miaka yote ile, na akamkumbuka bibi harusi wa kiatu kimoja. Mti uligonga bega la tao. Daraja likainuka. Liliinuka kuliko mara zote, na likabaki hapo juu, halipandi, halishuki, kama linafikiri. Chini ya Suyun kitu kilipasuka kwa mlio kama wa bunduki.

Kisha likakaa. Lilishuka upana wa kiganja, na likatoa mguno mmoja mrefu uliopita katika magogo yote kutoka ukingo hadi ukingo, ukapanda ndani ya majeneza na ndani ya mifupa yao. Halafu likanyamaza.

Hakuna aliyekuwa hai Bafeng aliyewahi kuusikia mguno ule. Ulisikika mara moja tu, siku ya Wu Tianyou. Lakini wote waliutambua, maana walikuwa wameusikia kwenye masimulizi tangu wakinyonya. Kule kando watu walipiga magoti majini. Kaishun alilala kifudifudi, akaweka sikio juu ya sakafu na kusikiliza kwa muda mrefu, kisha akasema polepole, "Limekaza."

Suyun hakuwa anaogopa tena. Aliona ni jambo kubwa mno kwamba watu waliokwisha kufa zamani, wasiomjua yeye, walipanga magogo kwa namna ya kumngoja akae juu yake siku hiyo. Alitaka kulisema hilo, akasema tu, "Nguo zangu zimeloa."

Jioni mto ulipopungua walifungua majeneza. Ishirini na moja yalikuwa salama. Mawili yalikuwa yamepasuka, na moja lilikuwa la Suyun, kwa kuwa nene ndilo waliloliamini wakalijaza kupita yote. Sakafu yake ilikuwa imechanika kutoka kichwani hadi miguuni. La Xianglian, jembamba, halikuwa na hata mkwaruzo. Kwa heshima, Xianglian hakusema kitu kwa siku tatu. Siku ya nne akaanza.

Paa lilirudishwa mwezi wa kumi, kwa vigae vipya. Mchagua siku alikuja na kitabu chake, na Kaishun akamkaribisha chai, akamwomba akifunge. Ilipobaki boriti ya kuandikwa, Kaishun alichanganya wino, akapanda juu ya jukwaa, akaandika majina ya waliotoa wote. Nafasi ya kwanza, ya fundi mkuu, aliiacha tupu.

"Mbona hapo hapana kitu?" Suyun akauliza kutoka chini. Hakujua kusoma, lakini palipo tupu alipaona.

"Mama, jina langu halifai kukaa na ya mababu."

"Mababu zako waliandika waliyofanya. Na wewe andika uliyofanya. Ukiacha wazi, anayekuja baadaye atafungua paa mwezi wa saba, na mimi sitakuwepo kutoa jeneza."

Kaishun alikaa na brashi mkononi hadi wino ukadondoka. Kisha akaandika kwa muda mrefu, na alipomaliza akawasomea waliokuwa chini. "Fundi mkuu Wu Kaishun. Mwaka wa Farasi, mwezi wa saba, alilifungua paa wakati wa tufani, kosa lake mwenyewe, na daraja likainuka. Wazee wa Bafeng walilikalisha kwa majeneza ishirini na matatu. Ajaye baada yetu asiondoe mzigo mto ukiwa na njaa. Qiu Suyun, jeneza moja, la kwanza."

Suyun alimwomba airudie sehemu ya mwisho, na Xianglian akalalamika kwamba la pili pia lilistahili kusomwa.

Mbao za jeneza lililopasuka hazikutupwa. Kaishun alizipiga randa, akazilaza kwenye sakafu ya katikati, pale fundi mkuu anapokaa. Msonobari uliokauka miaka thelathini na saba, hakuna mbao bora kuliko hizo. Alipozikaza, mama yake alisimama juu ya mbao hizo kwa viatu vya kitambaa, akazipima kwa nyayo.

"Nimekuchagulia mti mwingine mlimani," Kaishun alisema. "Jeneza jipya litakuwa tayari kabla ya mwaka mpya. Ila mama, si la mti ule. Mwingine kama ule hakuna, na baba yuko ndani ya nusu yake. Nimekunyang'anya hilo."

Suyun alitazama ng'ambo, kwenye mteremko, mahali ambapo uso wa Zhaogui ulielekea daraja. Alikuwa amelililia jambo hilo tayari, jikoni, peke yake, siku nyingi. Sasa machozi yalikuwa yamepungua.

"Hilo jipya lipunguze unene kidole kimoja," alisema. "Wabebaji watachoka bure."

Nyuma yake Xianglian alifungua mdomo, akaufunga.

"Siku yangu ikifika mtanipitisha hapa, hakuna njia nyingine ya kwenda kwa baba yako," Suyun akaendelea. "Mkifika juu ya mbao hizi msinitue. Lakini punguzeni mwendo kidogo, nisalimiane nazo."

Kaishun akasema, "Sawa, mama." Suyun akavuka hadi upande wa nyumbani kwake, kwa sababu magimbi yalikuwa motoni.